Mama Pima na Leseni ya Serikali

1890–1919: Mistari juu ya ramani

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, wajumbe wa dola za Ulaya pamoja na wale wa Marekani, Uturuki, Uajemi na Zanzibar walikamilisha mkataba ambao shabaha yake kubwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walipenyeza jambo la pili, nalo ni pombe kali. Waliikata Afrika kwa mistari miwili, latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, wakakubaliana kwamba kati ya mistari hiyo pombe kali isiingizwe mahali ambapo watu hawajaizoea, na pale ilipokwisha kuzoeleka itozwe ushuru. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa, mataifa yaliyoshinda vita yaliongeza makali. Kupika pombe kali katika eneo hilo kulipigwa marufuku, na hata vyombo vya kuipikia vikakatazwa kuingizwa.

Marufuku hayo hayakumnyima Mzungu wiski yake ya jioni. Sheria za pombe za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizaliwa na alama hiyo: zilitenga pombe kwa rangi ya mnywaji na kwa namna ilivyotengenezwa. Pombe za kuchachushwa kama busaa, muratina, mbege, tembo la mnazi na pombe ya ndizi zilivumiliwa kwa kibali cha chifu au mkuu wa wilaya. Kinywaji kilichopitishwa kwenye mvuke kilikuwa haramu, na aliyepatikana nacho alikwenda jela.

Kwa bahati mbaya ya watunga sheria, ujuzi wa mvuke ulikuwa umekwisha kuingia, tena ukiwa umevaa sare. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha na kuwaleta Uganda. Wao na familia zao, waliokuja kuitwa Wanubi, walikuwa wakipika pombe kali kwao. Wengine walihamia Nairobi wakiwa askari wa King's African Rifles na kupewa makao Kibera, eneo la ekari 4,197 lililotangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa hifadhi ya kijeshi. Kwa miaka mingi wakazi wa Nairobi waliotaka kikali walijua pa kwenda: kwa wanawake wa Kinubi wa Kibera. Serikali iliyopiga marufuku pombe hiyo ndiyo iliyowapa wapishi wake ardhi. Maofisa walifumba macho leo na kuvamia kesho.

Upishi wenyewe hauhitaji shule. Unga wa mahindi na kimea cha wimbi au mtama, au sukari guru, au molasi kutoka viwanda vya miwa, huchachushwa kwa siku kadhaa ndani ya pipa. Kisha pipa huinjikwa motoni, mvuke unapita kwenye bomba au unagonga sufuria yenye maji baridi, na matone yanakusanywa. Kuni, maji ya mto na uvumilivu vinatosha. Kwa hiyo kila sheria iliyofuata ilikabiliwa na swali lile lile: serikali itazuiaje kitu kinachoweza kupikwa kando ya mto wowote?

1921–1955: Ukumbi wa manispaa

Wakoloni walipata jibu la nusu huko Durban, Afrika Kusini. Tangu 1909 halmashauri ya mji huo ilikuwa imejipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe ya nafaka kwenye kumbi zake, na faida ilitumika kugharimia utawala wa Waafrika hao hao. Nairobi iliiga mapema katika miaka ya 1920, ilipoanzisha mtaa wa Pumwani. Ukumbi wa pombe wa manispaa ukafunguliwa hapo, na mwanamke aliyepika pombe chumbani mwake akawa mshindani wa serikali na mhalifu kwa wakati mmoja.

Nadhani hapa ndipo mtindo wote ulipoanzia. Pombe ilihalalishwa, lakini ilihalalishwa mkononi mwa manispaa tu. Ulevi haukupungua Pumwani kwa sababu ya ukumbi, na upishi wa majumbani haukukoma, kwa kuwa ukumbi ulifungwa mapema, ulikuwa chini ya macho ya askari, na haukutoa mkopo. Mwanamke wa Pumwani alitoa vyote: kiti, maongezi, na deni hadi mwisho wa mwezi. Mjane au mke aliyeachwa, asiye na shamba kijijini, alipata mjini kazi chache sana zilizolipa, na pombe ilikuwa mojawapo. Misako ya polisi ilimtoza faini, naye alipika zaidi ili ailipe.

Wakati huo huo bia ya chupa ilikuwa ikikua upande wa pili wa mji. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mmoja wao aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu yake. Kwa miaka ya mwanzo bia hiyo haikuruhusiwa kuuzwa kwa Waafrika. Ruhusa ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na katikati ya miaka ya 1950 vizuizi vya pombe kali navyo vikaanza kuondolewa. Mau Mau walielewa uhusiano wa chupa na dola kuliko wachumi wengi: mwaka 1953 waliwaamuru watu wa Nairobi wasusie bia ya Kizungu, sigara na mabasi.

Uhuru ulipofika, Mwafrika alikuwa na haki ya kununua kikali cha dukani. Haki ya kupika chake mwenyewe haikuja pamoja na bendera.

1965: Uganda yajaribu njia nyingine

Uganda ndiyo iliyothubutu kwanza. Mwaka 1965 bunge lilipitisha Sheria ya Enguli, jina la kikali cha ndizi na mihogo kinachopikwa vijijini. Sheria haikupiga marufuku upishi. Ilisema mpishi achukue leseni, kisha kinywaji chake kipelekwe kiwandani, kisafishwe na kukenekwa upya, kiwekwe kwenye chupa na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi. Mwananchi angekunywa kitu safi, mpishi angepata soko, na serikali ushuru wake. Kwenye karatasi mpango huo unapendeza hadi leo.

Kijijini mambo yalikuwa mengine. Kiwanda kilinunua kwa bei yake, na jirani alinunua kwa bei nzuri zaidi, taslimu, bila usafiri. Leseni ikageuka kuwa stakabadhi ya kumwonyesha askari. Aliyekuwa nayo alipika na kuuza kama zamani. Kisha zikaja fujo za miaka ya Amin, viwanda vikayumba, na mpango wa kukusanya enguli ukabaki kwenye vitabu vya sheria. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 iliiweka Uganda mstari wa mbele duniani kwa unywaji, zaidi ya lita 19 za kilevi tupu kwa kila mtu mzima kwa mwaka, nyingi ikiwa ni pombe ya kienyeji. Mwezi Aprili 2010 watu wapatao 80 walikufa huko Kabale na wilaya nyingine kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, miaka 45 baada ya sheria iliyokusudiwa kuwapa kinywaji salama.

Tanzania ilifuata njia inayofanana nayo. Sheria ya mwaka 1966 kuhusu moshi, kama gongo inavyoitwa kwenye vitabu vya serikali, iliweka upishi chini ya leseni. Wapishi wachache sana waliingia ndani ya mlango huo. Kiwanda cha Dar es Salaam kikatengeneza Konyagi, na gongo ikaendelea kupikwa porini na uani.

1971–1980: Mathare na amri ya Moi

Kenya ilichukua mkondo mwingine, na ndiyo tutakayoifuata, kwa kuwa imepitia hali zote: marufuku, ruhusa, na marufuku yaliyojificha ndani ya ruhusa.

Serikali ya Mzee Kenyatta ilipitisha Sheria ya Pombe za Kienyeji mwaka 1971, na vilabu vya busaa vikapewa leseni na halmashauri. Chang'aa, kikali cha Kenya kinachopikwa kwa mvuke, haikuguswa, ilibaki haramu. Mathare, bonde la mabanda ng'ambo ya barabara kutoka Eastleigh, lilikuwa limekuwa jiko la Nairobi. Mwanaanthropolojia Nici Nelson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1970, alieleza jinsi wanawake wasio na waume walivyoishi kwa kupika busaa: walikopeshana unga, walipeana wateja, walitoleana dhamana mmoja wao alipokamatwa. Chang'aa ilikaa pembeni ya biashara hiyo hiyo. Muuzaji aliitwa mama pima, kwa kile kikombe au glasi ndogo anayoipima mbele ya mteja.

Daniel arap Moi, muumini wa Africa Inland Church, aliingia Ikulu mwaka 1978. Katika miaka miwili vilabu vya busaa vilifungwa, na mwaka 1980 bunge likapitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa: kupika, kuuza, kumiliki, kunywa, na hata kuwa na chombo cha kupikia, vyote vikawa kosa.

Hatua ya kufunga vilabu vya busaa ndiyo iliyokuwa na madhara makubwa kuliko amri ya chang'aa yenyewe. Busaa ni nzito, inachukua nafasi, haifichiki, na inachacha kupita kiasi baada ya siku mbili tatu. Mpishi aliyekuwa akiiuza waziwazi sasa alihitaji bidhaa inayofichika: chang'aa inatosha kwenye dumu dogo chini ya kitanda, haiozi, na faida yake kwa kila lita ni kubwa. Marufuku ikawasukuma wapishi na wanywaji kutoka kinywaji chepesi hadi kikali. Nchi nyingine zilizojaribu kukausha pombe zimepitia njia hiyo, nasi hatukuwa na dawa ya pekee.

Mnufaika wa pili alikuwa askari. Chifu, polisi tawala na polisi wa kituo walipata mapato yasiyo na risiti: kila mama pima alikuwa na siku yake ya kutoa chai. Aliyechelewa alifikishwa mahakamani, akakiri, akatozwa faini, akarudi. Gereza la wanawake la Lang'ata lilijaa akina mama waliofungwa kwa kushindwa kulipa faini za pombe, wengine wakiwa na watoto wachanga mgongoni.

1998–2006: Kumi kumi

Hadi hapa chang'aa ilikuwa ikiharibu maini na nyumba, kama pombe kali yoyote. Vifo vya halaiki ni habari ya baadaye, na chanzo chake kinaeleweka vibaya hadi leo.

Nafaka na molasi zikichachushwa hazitoi methanoli ya kutosha kumuua mtu. Methanoli inayoua ni ya viwandani, ya kutengenezea rangi, gundi na vimumunyisho. Haina harufu ya kutisha, inalewesha kidogo, na kwa kuwa haikusudiwi kunywewa haitozwi ushuru wa pombe. Mwuzaji wa jumla anayetaka kuongeza ukali au wingi wa pombe yake huinunua kwa bei ya chini sana. Mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia kwanza mshipa wa macho. Mgonjwa huamka na kusema kuna giza. Matibabu ni fomepizoli, na ikikosekana, madaktari hutumia ethanoli, kilevi kile kile cha kawaida, kuizuia sumu isivunjwe haraka. Magazeti yalipenda kuandika juu ya asidi ya betri na dawa ya kuhifadhia maiti. Zote zimewahi kutiwa, lakini iliyojaza vyumba vya maiti kwa usiku mmoja ilikuwa methanoli.

Mwaka 1998 vilitokea vifo vingi nchini. Novemba 2000 ikawa zamu ya mitaa ya Mukuru, Nairobi. Kinywaji kilichouzwa shilingi kumi kwa kipimo, ndiyo maana kikaitwa kumi kumi, kiliwaua watu zaidi ya 130 katika siku chache, mamia wakalazwa, na wengine wakapofuka. Juni 2005 Machakos ilizika watu karibu 50.

Katika mikasa hii mama pima hakuwa na maabara, na mara nyingi hakuwa tena mpishi. Marufuku ya miaka ishirini ilikuwa imebadilisha biashara: upishi wa nyumbani ulikuwa hatari, hivyo ulikwenda kwa watu wenye magari na marafiki kituoni, nao walileta madumu usiku. Muuzaji alipokea kitu asichokipika, kutoka kwa mtu asiyeweza kumshtaki.

Pale ambapo fedha haramu zimejaa, magenge huja. Novemba 2006 Mathare iliwaka moto: genge la Mungiki lilidai ushuru kwa wapishi wa chang'aa, kundi lililojiita Taliban likakataa, watu wakauawa, na maelfu ya wakazi wakahama na magodoro kichwani. Hoja ya wale wanaosema kuhalalisha biashara kunapunguza uhalifu ina nguvu hapa kuliko mahali pengine popote katika historia hii. Genge haliwezi kumtoza ushuru mtu anayeweza kwenda polisi.

2004: Bia isiyo na ushuru

Kabla ya sheria kubadilika, kulikuwa na jaribio la kimyakimya lililofanya kazi kuliko misako yote. Mwaka 2004 East African Breweries ilitoa Senator, bia inayouzwa kutoka kegi za chuma kwenye baa za mitaa ya chini. Serikali ilikubali kusamehe ushuru wa bidhaa, na kampuni ikaokoa gharama za chupa na vibandiko. Bei ikawa karibu nusu ya bia ya kawaida. Wanywaji waliipachika jina la Obama, kwa kuwa wakati ule yule bwana alikuwa bado seneta. Baadaye mtama ukachukua nafasi kubwa katika utengenezaji, na wakulima wa Nyanza na Mashariki wakapata mkataba.

Hakuna aliyehalalishiwa chochote hapa, wala aliyekamatwa. Kilichofanyika ni kumpa maskini kinywaji safi kwa bei iliyokaribia ile ya chang'aa, mahali penye taa na choo. Baa ndogo za kegi zikaota katika vituo vya soko, na wateja wengi wa mama pima wakahamia huko. Msamaha wa ushuru ulionekana kama zawadi kwa kampuni kubwa, na kwa kiasi fulani ulikuwa hivyo.

2010: Sheria ya Mututho

John Mututho, mbunge wa Naivasha, aliwasilisha bungeni muswada wake wa Udhibiti wa Vileo akiwa na hoja nyepesi kueleweka. Chang'aa inanywewa kila kona. Marufuku ya 1980 imezalisha hongo na makaburi. Basi iruhusiwe, ipimwe, ifungwe kwenye chupa, itozwe kodi. Rais Kibaki alitia saini Agosti 2010, na sheria ikaanza kutumika tarehe 22 Novemba mwaka huo. Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ilifutwa. Dunia nzima iliandika kwamba Kenya imehalalisha chang'aa, na kwa maneno ya kifungu ilikuwa kweli.

Wakenya wengi waliikumbuka sheria hiyo kwa jambo jingine kabisa: saa. Baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, na zifungwe saa tano usiku. Mitaani watu walipanga miadi kwa saa za Mututho. Mifuko ya plastiki ya pombe ilipigwa marufuku, na ilani za afya zikaamriwa kwenye kila chupa. Hatua ya mifuko ilistahili sifa. Tanzania iliifuata na viroba vyake tarehe 1 Machi 2017, na Uganda mwaka 2019.

Kwa mpishi wa chang'aa kifungu kilichohesabika kilikuwa kifupi: kinywaji kiuzwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Ongeza leseni ya utengenezaji, alama ya Shirika la Viwango, leseni ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato, stempu kwa kila chupa, jengo lenye sakafu ya saruji na mfereji. Mwanamke mwenye pipa moja kando ya mto Mathare hana hata hati ya kibanda anacholala. Sheria ilimruhusu kupika kwa sharti kwamba awe kiwanda.

Polisi hawakuhitaji muda mrefu kuisoma. Hati ya mashtaka ilibadilika maneno. Zamani mtu alishtakiwa kwa kupatikana na chang'aa, sasa kwa kuuza kileo bila leseni. Faini, chai na safari ya asubuhi kwenda mahakamani vilibaki kama vilivyokuwa. Pwani wagema wa mnazi, ambao tembo lao halikai kwenye chupa kwa siku nyingi hata ukilitaka, walijikuta wakibishana na askari juu ya saa na vyombo kwa kinywaji ambacho wazee wao walikipeleka kwenye posa na matanga. Anayegema asubuhi hawezi kuuza usiku tu. Tembo lina saa zake.

Waliokuwa na mtaji ndio waliopita kwenye mlango huo. Viwanda vidogo na vya kati vilinunua ethanoli, vikaiongezea maji, rangi na ladha, na kuijaza kwenye chupa za mililita 250 kama sheria ilivyoelekeza. Kwenye chupa palikuwa na stempu, alama ya ubora na ilani. Watu waliziita pombe za kizazi cha pili. Kwa bei zilishindana na kipimo cha mama pima, na kwa ukali hazikumwachia nafasi.

2013–2015: Ushuru, vifo na shoka

Mambo mawili yalitokea mwaka 2013. La kwanza, serikali za kaunti zilianza kazi, na Katiba ya 2010 ilikuwa imezikabidhi utoaji wa leseni za vileo. Magavana waliokuwa na bajeti changa walipata chanzo cha mapato kisichohitaji kulima wala kuchimba, na idadi ya baa ikapanda katika vituo vya soko visivyo na zahanati. La pili, mwezi Oktoba Hazina iliondoa nusu ya msamaha wa ushuru wa bia ya kegi. Bei ya kikombe ilipanda, na mauzo ya Senator yakaanguka kwa zaidi ya robo tatu.

Wanywaji hao hawakwenda kanisani. Mwezi Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika Embu, Kiambu, Kitui na kaunti jirani kwa vinywaji vyenye methanoli, baadhi vikiwa vimeuzwa kwenye baa zenye leseni. Kusema kwamba kodi ndiyo iliyowaua ni kuruka hatua. Sumu ilitiwa na watu, kwa faida, na wakaguzi walikuwa wamelala. Lakini bei ya kinywaji safi ilikuwa imepandishwa kwa makusudi, na pengo lililobaki lilijazwa na bidhaa ambayo mteja hakuweza kuitofautisha kwa kuiangalia. Serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo: mwaka 2015 ilirudisha msamaha hadi asilimia 90, na East African Breweries baadaye ikawekeza shilingi bilioni 15 kufufua kiwanda cha Kisumu kwa ajili ya bia hiyo ya mtama.

Wakati hesabu ikirekebishwa Nairobi, siasa ilichukua shoka. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza wabunge wa eneo la Kati waongoze kuangamiza pombe za kizazi cha pili. Vijana walivunja maghala, wakamwaga madumu, wengine wakanywa walichokuja kumwaga. Baa zenye leseni halali ziliporwa pamoja na zisizo nayo. Vibali vya mamia ya chapa vilifutwa, viwanda vikaenda mahakamani kudai haki yao ya kisheria, na baadhi wakaipata. Mututho, wakati huo mwenyekiti wa NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya na vileo, alijikuta akishangilia kuvunjwa kwa soko ambalo sheria yake ilikuwa imelifungulia mlango.

Ukipima kwa uhalifu, hesabu ya miaka mitano ya ruhusa ina pande mbili. Biashara kubwa ilitoka gizani: ikawa na anwani, hesabu za benki na mawakili, na haikuhitaji tena Mungiki kulinda ghala. Biashara ndogo ilibaki palepale, na kipato cha askari kutoka kwake hakikukatika. Ukipima kwa afya, kijana wa Murang'a au Nyeri aliyekuwa akitafuta kikali kwa kificho sasa alikipata asubuhi, kwenye duka, kwa bei ya sahani ya chakula.

2024: Kangai

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa na wengine wakapoteza macho baada ya kunywa kwenye baa moja. Uchunguzi ulielekea mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kinywaji kile kilidaiwa kutoka kituo cha polisi. Kilikuwa kielelezo cha kesi, pombe iliyokamatwa, ikapaswa kumwagwa kwa amri ya mahakama, badala yake ikapata njia ya kurudi sokoni. Maafisa wa polisi walikamatwa. Mnyororo ulioanza miaka ya 1980 kwa chai ya kila juma ulikuwa umefika mwisho wake wa kimantiki, askari sasa wakituhumiwa kuwa ndio wauzaji wa jumla.

Mwezi Machi Waziri wa Mambo ya Ndani, Kithure Kindiki, alitangaza hatua zipatazo 25. Leseni za watengenezaji wa pombe za kizazi cha pili zilisimamishwa mara moja, viwanda vikatakiwa kuhakikiwa upya, baa za karibu na shule na katika mitaa ya makazi zikaamriwa kufungwa. Naibu Rais Rigathi Gachagua alikuwa amekwisha kuzunguka eneo la Mlima Kenya mwaka mzima akihubiri habari hiyo hiyo, mara nyingine akiwatisha machifu.

Hatua hizo zinagusa kiwanda, msambazaji, baa na ofisi ya kaunti. Kwa mwanamke mwenye pipa kando ya mto hakuna daraja la leseni linalolingana na pipa lake, wala kipimo cha methanoli anachoweza kukipeleka sokoni bila kujishtaki, wala chama cha ushirika kinachotambuliwa kumkusanyia na kumpimia. Uganda ilikaribia kumfikiria mwaka 1965 kisha ikamwachia kiwanda kipange bei. Kenya mwaka 2010 ilifuta jina la kosa lake na kumwachia kosa lenyewe. Akikamatwa leo, hati ya mashtaka itataja Sheria ya Udhibiti wa Vileo, na karani wa mahakama atamsomea: kuuza kileo bila leseni.